Kitabu cha Mwaka Sitini na Mbili

Si Bennasser (kwetu bwana huitwa Si, na bibi huitwa Lalla) alikuwa karani wa vizazi na vifo katika halmashauri yetu ya milimani kwa miaka ishirini na tisa. Meza yake ilitazamana na yangu. Mimi nagonga mihuri. Alikuwa mtu wa kunyooka. Kalamu ya serikali hakuiandikia barua ya nyumbani hata siku moja, na glasi yake ya chai ya nanaa aliiweka dirishani, mbali na vitabu. Nilimpenda kama kaka, na mara nyingi nilitamani kumgonga muhuri kwenye paji la uso.

Kisha ukaja Mkakati wa Taifa wa Teknolojia ya Habari. Kwetu uliingia kwa sura ya bango la msichana anayeichekea simu, kompyuta mbili, na kijana kutoka Rabat aliyetufundisha kwa saa tatu akaondoka Ijumaa bila kula nasi kuskusi, chakula cha siku hiyo, jambo ambalo hatujamsamehe. Vitabu vyote vya vizazi, tangu enzi za Wafaransa, vilitakiwa viingizwe mashineni.

"Andikeni kilichomo," alituambia kijana huyo, "hata cha pambizoni. Msiongeze, msipunguze."

Pambizoni ndiko kulikokuwa na balaa. Zamani huku kwetu, mtoto mchanga akifa, anayezaliwa baada yake alipewa jina lile lile na karatasi ile ile. Nani angetandika nyumbu akasafiri siku mbili kwenda kuandikisha upya? Makarani wa zamani waliandika kifo pambizoni kwa herufi ndogo, nasi wakati wa kumtolea mtu cheti tulisoma katikati ya ukurasa tu. Wazee wengi hapa mjini wanatembea na karatasi za kaka na dada zao marehemu. Hakuna aliyewahi kudhurika.

Wa kwanza kuuawa na Mkakati alikuwa Lalla Itto, mjane mfuma mazulia. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye kura ya Hija baada ya kusubiri miaka saba. Si Bennasser aliingiza ukurasa wake, pambizo na yote. Bibi huyo alipokwenda kuomba pasipoti, akaambiwa alifariki mwaka 1951.

Alitujia mbio, shali ikiburuzika chini.

"Bennasser, mwanangu, nimekufa?"

"Kitabu ndicho kinachosema, Lalla."

"Na macho yako yanasemaje?"

"Macho yangu hayana fomu."

"Idi iliyopita ulikula mkate wangu. Uliletewa na mzimu?"

"Nenda mahakamani, Lalla. Hakimu akiandika uko hai, nami nitaandika."

Hija ile ikampita. Mimi nilikuwa nimeinamia mihuri yangu, na naona haya mpaka leo, kwa sababu nilijua asilolijua Si Bennasser. Karani haruhusiwi kujitolea cheti mwenyewe. Miaka yote hiyo vyake nilimtolea mimi. Kitabu cha mwaka 1962, ukurasa wa arobaini na moja. Pambizoni, nilikochungulia siku moja: amefariki, umri miezi minne.

Alipomaliza kitabu cha sitini na moja, nilijaribu.

"Si Bennasser, hicho kinachofuata nipe mimi. Macho yako yamechoka."

"Mwenye miwani ni wewe, Mahjouba."

"Basi tukiruke. Kimeliwa na panya."

"Walichobakiza panya nitakiandika. Lete."

Alifika ukurasa wa arobaini na moja Jumanne asubuhi. Vidole vikasimama. Akaisoma pambizo, akafuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati, akaisoma tena kitabuni.

"Ulijua," akaniambia.

"Nilijua."

Akachukua koti, akaenda kwa mama yake. Mama huyo ana miaka tisini na alikuwa akichambua dengu. Nasikia hakuacha kuchambua. Baada ya saa moja Si Bennasser akarudi kitini.

"Yule wa kwanza alikufa kwa kifaduro," alisema. "Karatasi ilikuwa bado mpya. Mimi nilikuja miaka miwili baadaye, msimu wa kukata kondoo manyoya. Siku yenyewe mama haikumbuki."

"Iruke hiyo pambizo, kaka yangu." Sikuwahi kumwita hivyo kazini. "Ni mstari mmoja. Nani atajua?"

"Ya Lalla Itto niliiruka?"

Akaandika. Akahakiki tarehe, akahakiki tena, akabonyeza. Mashine ikamshukuru kwa ushirikiano wake. Kesho yake neno lake la siri lilikataliwa: mtumiaji hayupo. Akamaliza chai yake pale dirishani, akanikabidhi funguo za kabati, akatoka bila kuaga, na mimi nikalia juu ya pedi ya wino.

Mwezi uliofuata nilikwenda mahakamani kuwatolea ushahidi wote wawili. Lalla Itto alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Alipomwona Si Bennasser, alisogea kumpa nafasi.

"Karibu kwetu. Huku kukaa ni bure, tatizo ni kutoka."

"Nisamehe, Lalla."

"Wakinirudishia Hija yangu nitakusamehe. Hasa wewe umezaliwa lini?"

"Sijui. Nimepungua miaka miwili."

"Basi wewe bado mtoto. Kaniletee maji."

Akamletea. Alipoketi, akamgeukia.

"Lalla, yule mtoto alikuwa na jina hili miezi minne. Mimi nimekaa nalo zaidi ya miaka hamsini, na sijamsomea hata Fatiha moja."

Lalla Itto akaizungusha glasi ya maji.

"Wala mimi dada yangu," akasema. "Na nilivaa mpaka bangili zake."

Wakainua mikono palepale kwenye benchi, na mimi nikainua yangu. Hatujafika kwenye amina, tarishi akafungua mlango na orodha yake.

"Marehemu Itto! Marehemu Bennasser!"

"Ngoja kwanza," akasema Lalla Itto bila kugeuka. "Tunawazika."