Minza na Python zake mbili

Jamani, Minza! Tumetoka kukuzika kwenu Mwanhuzi na bado mkono wangu unataka kukutumia meseji.

Kwa msiomjua: ni developer, mtengeneza program za kompyuta, niliyekuwa nashea naye meza hapa Bariadi. Mcheshi, mbishi, ana laptop moja iliyobeba maisha yake yote.

Ndani ya laptop hiyo mlikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilimlipa mshahara: system ya mizani ya ginnery, kiwanda cha kuchambua pamba, iliyoandikwa kwa Python ya zamani, ile lugha ya kompyuta.

Ya pili ilikuwa ya baba yake. Mzee alipoteza macho, akachoka meseji zake kusomwa na majirani. Minza akawa anamtengenezea program ya kumsomea kwa Kisukuma, kwa maneno aliyorekodi kwa sauti yake mwenyewe.

Sasa, program ya baba ilitaka Python mpya. Minza akafuta ya zamani, akaweka mpya. Kesho yake mizani, iliyotegemea laptop hiyo hiyo, ikagoma. Malori ya pamba foleni hadi barabarani, bosi anafoka kwenye simu!

Akarudisha ya zamani huku machozi yanamtoka. Kazi ya baba ikalala msimu mzima.

Pamba ilipoisha nikamwambia, "Dada, usifute kitu. Kila project itengenezee environment yake, na Python yake humo humo. Hazitagusana."

Alicheka mpaka watu wakageuka. "Kumbe ni wake wenza! Kila mmoja na nyumba yake!"

Mchana ule ule zote mbili zikafanya kazi. Akampigia mzee hapo hapo: "Baba, Krismasi nakuja nayo."

Homa ikamuwahi. Hakuugua muda mrefu hata tupate nafasi ya kuzoea.

Baada ya mazishi kaka yake akanipa laptop. Nikaiunganisha na simu ya mzee, nikamtumia salamu fupi ya Kisukuma. Sauti ya Minza ikatoka, safi kabisa: "Mwangaluka, baba."



"Mwangaluka, Minza," mzee akaitikia. Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Zima kwanza, mwanangu. Nitasikiliza siku nyingine."

Nikazima.

Rafiki yangu, miezi ile ya pamba ndiyo inayoniuma. Tusingeipoteza, baba angekusikia huku umekaa pembeni yake, akakucheka Kisukuma chako cha mjini, mkabishana hadi chakula kipoe.

Ulale kwa amani, Minza.