Nyumba Nzuri Isiyo na Moto

Wiki iliyopita mwanangu alinipigia simu kutoka Goma. Wanakarabati nyumba kabla ya Noeli, akasema, na safari hii wamenitengea chumba changu peke yangu, chenye vigae chini, kitanda kipana na pazia jipya. "Mama, utakuya kuona tu. Utafurahi." Nilimshukuru, nikawatumia wajukuu salamu, nikakata simu, kisha nikabaki pale na hasira ambayo mtoto wa watu hakuistahili hata chembe. Hasira hiyo ni ya zamani. Nimeibeba karibu miaka sabini, na kwa kuwa wewe rafiki yangu umeketi tayari, acha nikueleze ilikotoka.

Nilizaliwa milimani upande wa Masisi, mahali ambapo njia inaanza kushuka kuelekea Kalembe na misitu ya Walikale. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata mbuzi ulimsikia kabla hujamwona. Baridi ya kule, wewe uliyekulia penye joto, usidhani unaijua. Nyumba yetu ilikuwa ya mianzi na udongo, imeezekwa nyasi, na katikati yake kabisa ulikuwepo moto wa Koko. Koko ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama mzazi wa Papa, baba yetu. Moto huo ulikaa kati ya mafiga matatu aliyoyatafuta yeye mwenyewe mlimani alipoolewa, na kwetu mafiga ni ya mwanamke aliyeyaweka. Mwanamume hayagusi. Akitaka kaa la kuwashia kiko chake, anaomba.

Juu ya moto kulikuwa na uchaga wa mianzi uliokuwa mweusi na kung'aa kwa moshi, na mbegu za mahindi na maharagwe zilikaa hapo mwaka mzima bila kuguswa na wadudu. Chini tulilala sisi watoto, mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba aliyekuwa bado anajifunza kutembea, wote kwenye mkeka mmoja na Koko. Jioni alifukia mateke kwenye majivu, yale magimbi yetu ya mlimani, tukalala tukiyanusa, na asubuhi tukayamenya na kuyala kwa chumvi. Ukiungua vidole alikucheka. "Acha mbio, mateke haina miguu."

Kila likizo kubwa, mvua zikishakatika, tulitengeneza nyumba upya. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu, kuliko hata Noeli. Mama alichimba udongo mwekundu na kuumwagia maji, nasi tukaingia ndani yake tukaukanyaga mpaka ukatufika magotini, tukiimba na kusukumana. Mdogo wangu alikuwa hodari wa kuanguka makusudi. Koko na Mama walikandika kuta kwa viganja, wakapaka sakafu samadi ya ng'ombe na majivu, nasi tukakatazwa kuingia mpaka ikauke. Mwisho Koko alichovya vidole katika udongo mweupe akachora mistari ya kupindapinda pande zote za mlango. Ukimwuliza maana yake alikujibu, "Ni ya kupendeza tu. Unataka nini ingine?"

Papa alikuwa mwalimu katika shule ya misheni. Mwaka ninaousimulia, ajenti wa usafi alipita kijijini, Mzungu mrefu mwenye soksi zilizovutwa mpaka magotini. Aliinama akaingia kwetu, akakohoa, akatoka mbio. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba moto ndani ya nyumba ni uchafu, ni ugonjwa wa macho, ni ushenzi. Nyumba ziwe na madirisha, jiko liwe nje, na asiyetaka ataona. Kwa kila neno Papa aliitikia ndiyo bwana kwa Kifaransa, "Wi, mesie." Sikatai, macho ya Koko yalikuwa mekundu kwa moshi, na mdogo wangu aliwahi kuangukia moto akaungua mkono, kovu analo mpaka leo. Papa alikuwa na sababu zake. Lakini baadaye Padri mkubwa akaahidi kwamba baada ya Misa ya Noeli atakuja kuibariki nyumba mpya ya mwalimu, na neno hilo ndilo lililomlewesha Papa.

Likizo hiyo hatukukanyaga udongo. Walikuja mafundi, wakatoboa madirisha, wakang'oa nyasi, wakapandisha mabati. Mchanga wa kuchanganya na simenti ulibebwa kutoka mtoni na wanafunzi wa Papa, watoto wa wenzake, wakiambiwa kwamba hilo ndilo somo la kazi za mikono. Somo gani hilo? Mimi mwenyewe nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kumtuma mtoto wa mtu anijengee sakafu.

Siku ya kumwaga simenti Koko alikuwa shambani akichimba mateke. Sitaki kuamini kwamba siku ilichaguliwa, lakini ndivyo ninavyoamini. Mafundi waliyang'oa mafiga yakiwa bado na joto, wakayatupa migombani, wakasawazisha jivu, na simenti ikapita juu. Jioni Koko akarudi, kikapu mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, akasimama mlangoni.

"Nani alitosha mafiga yangu?"

"Ni bafundi, Mama," Papa akasema, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake. "Sasa moto itakuwa inje, mu jikoni. Weye unapata chumba yako, na kitanda, na dirisha."

"Niliomba kitanda?"

"Mama, ni sheria."

Koko aliyamwaga mateke yote uani, akaenda migombani, akayapakia mafiga katika kikapu kile kile na kuyabeba mpaka jikoni. Nasema jikoni, lakini kilikuwa kibanda cha matete kilichosimamishwa harakaharaka, upepo unaingia huku unatokea kule. Akayapanga mafiga yake, akawasha moto, akatandika mkeka. Akalala hapo siku hiyo na siku zote zilizofuata.

Sasa nikuulize, nyumba ni ya nani, ya anayekaa ndani au ya anayeitazama kutoka barabarani? Ile yetu ilitazamwa sana. Watu walikuja kutoka Ngungu kuishangaa. Kuta zilipakwa chokaa, ile mistari ya Koko ikafutika. Papa alikuwa na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, meza na taa ya karabai, na hakuwa na mtu wa kukaa naye. Mama alipika jikoni, na akishapika haondoki. Sisi tukishakula tulijikunyata kwa Koko. Mvua ikipiga mabati, hadithi haisikiki hata ukipaza sauti, na baridi ya simenti inapanda mpaka kwenye mifupa. Jikoni hadithi ilisikika yote. Papa alikula peke yake mezani akitusikia tukicheka kule nje, na nadhani kicheko kile kilimchoma.

Ndipo alipokataza. Watoto wa mwalimu hawalali jikoni pamoja na kuku, akasema, na akaja mwenyewe kutuchukua. Mimi na mdogo wangu tulisimama wenyewe. Kitinda mimba alikuwa amelala tayari, amejibandika nyuma ya Koko.

"Uniachie ata huyu mudogo," Koko akamwambia. "Ananipashaka moto mu mugongo."

Papa akamchukua naye. Hilo sijamsamehe, na ninakwambia bila haya. Mtu mzima, amesoma, anamnyang'anya mama yake mtoto mchanga aliyekuwa blanketi lake la mwisho, kisha anakwenda kufunga madirisha yake.

Mama alijaribu. Nilimsikia asubuhi moja akimwambia, "Papa ya batoto, mama yako iko nasikia baridi."

"Kitanda yake iko mule ndani. Nani anamukataza?"

Nani anamkataza! Maneno hayo nimeyasikia tena mara nyingi maishani, kwa watu wengi, na kila ninapoyasikia damu inanichemka. Kwa kawaida huyasema yule yule aliyefunga mlango.

Noeli ikafika. Nakumbuka kuku, mchele, na sombe ya majani ya mihogo iliyopikwa kwa mawese yaliyoletwa na wachuuzi kutoka Walikale, harufu yake ikitangulia chungu. Tulivaa nguo mpya zilizotuwasha shingoni. Padri mkubwa alikuja na maji ya baraka akapita chumba kwa chumba. Katika chumba cha Koko kulikuwa na kitanda chenye shuka jeupe lililonyooshwa vizuri, halina mkunjo hata mmoja.

"Na mama mzee analala hapa?" Padri akauliza.

"Ndiyo, Padri," Papa akajibu.

Mtu aliyetufundisha amri za Mungu kwa fimbo! Siku ya Noeli! Nilimtazama Mama, naye akatazama dirishani.

Koko aliitwa kusalimia. Alikuja na harufu yake ya moshi, akaishia mlangoni, miguu yake ikabaki nje ya simenti. Padri akamshika mkono kwa upole na kumwuliza kama anaifurahia nyumba mpya.

"Iko muzuri sana, Padri," Koko akasema. "Lakini haina fasi ya kuikala."

Sebule ilikuwa imejaa viti mpaka milangoni, kwa hiyo wageni waliangua kicheko wakidhani mzee wa watu anatania. Hata Padri alicheka. Papa akaanza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mvua kubwa zilipokuja, kabla ya Pasaka, jikoni kulivuja na Koko akaanza kukohoa. Mama alimpelekea uji wa ulezi na tangawizi, nasi tukamkusanyia kuni kavu kutoka uvunguni mwa vitanda vyetu. Lazima niseme ukweli wote, Papa alikwenda kumwomba aingie ndani. Alikwenda tena na tena. Mara ya mwisho nilimwona amepiga magoti kwenye matope, na suruali yake ya kufundishia.

"Mama, uingie. Nakuomba."

Koko alimwuliza kitu kimoja tu. "Na moto?"

Ajenti wa usafi hakuwapo pale. Padri hakuwapo. Walikuwa wao wawili na mimi nimeshika kuni, na jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja. Papa akainuka, akajipangusa magoti, akaenda shuleni.

Koko alifia jikoni. Kwa kuwa waombolezaji wasingeenea kwenye kibanda kile, mwili uliingizwa sebuleni ukalazwa juu ya mkeka, na hivyo ndivyo alivyoingia katika nyumba aliyotengenezewa na mwanawe. Mvua ilinyesha mfululizo, na moto wa matanga uliowashwa uani ukazimika. Wanaume walijibanza ukutani. Wanawake walikaa kwenye simenti wakitetemeka. Akafika mdogo wake Koko, aliyeolewa Kalembe, amelowa chapachapa, akapiga magoti kando ya dada yake na kuigusa ile sakafu kwa kiganja.

"Munamulalisha dada yangu fasi ya baridi ivi?" akasema. "Moto yake iko wapi?"

Papa alikuwa amesimama na koti lake jeusi la Jumapili. Alitoka kwenye mvua, akarudi amekumbatia figa kifuani, akaliweka katikati ya sebule. Akaenda tena, na tena. Akavisukuma viti nje, vitambaa na vyote, vikalowa. Akaleta makaa kwenye kigae cha chungu, akainama, akapuliza. Moshi ulipanda ukagonga mabati na kutanda juu ya vichwa vyetu, kuta za chokaa zikaanza kuwa na rangi. Wanawake wakasogea. Kitinda mimba akaenda kukaa karibu na Koko, wala hakuna aliyemzuia. Baada ya muda simenti ikapasuka chini ya moto kwa mlio mkali, watu wakashtuka. Papa hakugeuka.

Mioto ile ya ndani imekwisha, rafiki yangu. Kijiji chenyewe kimetawanyika, na uchaga, mateke ya kwenye majivu, udongo wa kukanyaga mpaka magotini, wajukuu wangu nikiwasimulia wanadhani natunga. Siulilii moshi, maana nilimwona Koko akipapasa mlango kwa macho yale. Nalilia duara la watu lililokaa kuuzunguka moto, ambalo sijalikuta tena katika nyumba yoyote, hata zile nilizojenga mimi.

Na bado nina hasira na Papa, Mungu amrehemu. Siku ile hakumwuliza mwanamke yeyote. Aliyapanga mafiga kwa nafasi ile ile ya Koko, akaelekeza kuni zinavyotakiwa kuelekezwa, akapuliza kidogo na moto ukashika. Alikuwa amezaliwa kando ya moto ule. Alijua kila kitu kuhusu moto ule, akangoja mpaka mama yake hasikii tena baridi.