Ndiyo ya Mpangaji Wangu

Mpangaji wangu hapa Plovdiv, Bulgaria, anasahihisha maandishi ya mafundi wa mtandao, yale yanayopanga simu ipitie wapi mtu akiwa safarini. Kidole kinafuata mstari, midomo inanong'ona, banitsa, pai ya jibini niliyompikia, inapoa. Penye “inafaa” anataka “lazima”, eti simu zitakatika njiani. Jana mwandishi wake, binti wa ugenini aliyehangaika nayo mwaka mzima, akamuuliza kwa video kwenye kompyuta kama sasa amekubali. Mpangaji akatikisa kichwa kushoto na kulia, ndiyo yetu Wabulgaria hiyo, macho kwenye karatasi. Binti akaangua kilio.

“We bubu!” nikamfokea. “Huyo si Mbulgaria, mjibu kwa mdomo!”

Akashtuka, akaigeukia kompyuta. “Nimekubali, dada! Imekaa sawa!”

Binti akacheka, kamasi zinamtoka.

“Ila huu mkato…” akaanza mpangaji, kidole kimesharudi kwenye mstari.

Nikaifunga kompyuta mwenyewe.