Shimo Lililotaka Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto huko Asembo Bay, sikuogopa kiboko wala fisi kama nilivyoogopa shimo la nyuma ya nyumba yetu. Baba alilichimba akitafuta udongo wa kukandika kuta, na nyumba ilipokwisha akaliacha wazi. Mvua ikalijaza maji. Lilikuwa refu na jembamba, na nyanya yetu, Dani, hakupenda hata kulitazama.

"Hiyo shimo imefanana kaburi," alimwambia Baba. "Na kaburi haiachwi bure. Itaita mwenyewe."

"Mama, sisi tumeokoka," Baba alicheka. "Hayo mambo tuliacha."

Dani alishikilia kwamba kaburi lililochimbwa kimakosa halifukiwi hivi hivi. Hukatwa shina la mgomba likazikwa mle, ili ardhi isibaki na njaa. Lakini Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hakutaka waumini wamwone akizika mgomba. Wakavutana, shimo likakaa. Sisi watoto tulikatazwa kulikaribia jioni, kwa kuwa ndipo linapoimba, alisema Dani. Na kweli liliimba, nililisikia kwa masikio yangu. Jua likizama, wimbo mwembamba ulitoka kule ukaingia sebuleni, tulikolala chini mkekani mimi na mdogo wangu Ouma. Neti ya kulalia ilikuwa moja tu, nayo Mama alikuwa ameitandaza ufuoni kuanikia omena, vile vidagaa vya ziwani.

Basi Ouma akaitwa. Ndivyo nilivyoelewa wakati ule. Asubuhi alitetemeka juani, mchana akawaka moto, kisha mwili ukakakamaa na macho yakageuka meupe. Mama alipiga mayowe. Baba akasimamisha bodaboda, wakapanda wote na mtoto katikati, wakaondoka wakiteleza kwenye matope kuelekea zahanati.

Nikabaki na Dani. Hakulia. Alichukua panga, akaangusha mgomba.

"Leta jembe, nyakwara," aliniambia, yaani mjukuu wangu. "Tukichelewa itamaliza yeye."

Tuliliburuta shina lile, tukalisukumia majini.

"Mwenyewe ndiye huyu," Dani aliliambia shimo. "Yule mwingine umwache."

Kisha tukafukia, mimi nikilia kwa sauti, mpaka viganja vikachubuka.

Walirudi kesho yake alasiri. Niliposikia bodaboda nilishindwa kuinua kichwa. Nilisikiliza tu kama Mama analia. Nikasikia Ouma akidai chai, nikakaa chini hapo hapo.

"Daktari ameuliza kama tuko na maji imesimama karibu na nyumba," Baba alisema. Akautazama ule udongo mbichi. Dani aliendelea kuushindilia kwa miguu. Jioni ile Baba alipigilia misumari sebuleni akatufungia neti, nasi tukalala tukinuka omena mpaka Krismasi.

Leo najua wimbo ule ulikuwa wa nini, na najua ni dawa ya zahanati iliyomponya Ouma. Sasa yeye ni mfyatua matofali karibu na Awasi, na ana binti mdogo aliyepewa jina la Dani. Masika yaliyopita nilimtembelea nikakuta shimo la udongo limejaa maji, hatua chache tu kutoka mlangoni. Nilimweleza habari za mbu kwa utaratibu, kama mtu aliyesoma.

"Nitafukia, sister," alisema. "Saa hii niko bize."

Mtoto alikuwa akicheza ukingoni. Hofu ile ile ya zamani ikanirudia. Nikaingia kwenye migomba yake bila kuomba ruhusa, nikakata mmoja. Ouma aliponiona nikiuburuta alianza kucheka, halafu akaenda kuleta jembe.

Sijui kama ninaamini. Lakini shina lilipozama, kabla Ouma hajamwaga udongo wa kwanza, niliinama nikalinong'oneza shimo: yule mwingine umwache.