Sifa Nilizomwandikia Bwana Shauri

Neno lenyewe lilikuwa "effusive". Mwalimu wetu wa Kiingereza aliliandika ubaoni, akatueleza kuwa ni la sifa zinazotolewa kwa wingi kupita kiasi, kisha akataka kila mmoja alitungie sentensi tatu. Mimi nilitunga tano. Katika zote, watu walimsifu mkubwa fulani na mkubwa akawapa walichotaka. Mwalimu alizisoma mbele ya darasa. Nikaamini nimeijua siri ya Waingereza: wasifu kwanza, ndipo uombe.

Likizo ile nilipanda mlimani kutoka Same kwa miguu, nikakuta ukoo wetu una shida. Chemchemi iliyojaza ndiva yetu, lile bwawa la udongo tulilotumia kumwagilia mashamba kwa zamu, ilikuwa imeingizwa ndani ya mpaka wa msitu wa serikali. Mlinzi wa msitu aliwafukuza waliokwenda kuzibua mfereji. Matope na majani yalizidi kuuziba, na maharage yalikuwa yanaanza kutoa maua.

Baba mkubwa, aliyekuwa msimamizi wa ndiva, akaniita.

"Wewe una Kiingereza. Mwandikie Bwana Shauri kwamba mfereji ni wetu na tutausafisha. Basi."

"Basi tu, baba?"

"Unataka tumwongezee nini? Kuku?"

Niliandika kurasa mbili kwa Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya yetu kutoka boma la Same. Nilimshukuru kwa barabara, kwa amani, kwa afya ya ng'ombe wetu. Hata mvua nadhani nilisema ameileta yeye. "Effusive" nililitumia mara mbili. Maji niliyataja katika mstari wa mwisho: kwamba tungefurahi siku moja kukumbukwa. Sikumsomea mtu. Waliniamini, nami nikaona hawana haja ya kujua namna mambo yanavyofanywa na wasomi. Kosa hilo ni langu, sina wa kumgawia.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Nililisoma ukingoni mwa ndiva, udongo wake umepasuka, watu wamenizunguka. Bwana Shauri alishukuru kwa maneno mazuri na alifurahi kuona watu wa mlimani wanaridhika. Maji hakuyagusa.

Shangazi, dada yake baba, shamba lake lilikuwa mwisho wa mfereji, mahali maji yanapofika baada ya wote kutosheka. Yeye ndiye aliyesema, "Sasa tusomee na ulichoandika wewe."

Nakala nilikuwa nayo, maana nilijivunia barua ile. Nikaitafsiri kwa Kipare, neno kwa neno. Nilipofika kwenye afya ya ng'ombe watu wakacheka. Nilipofika kwenye mvua wakaacha kucheka.

"Mwanangu," shangazi akasema, "ulikuwa unaposa?"

 Baba mkubwa alichukua baragumu akalipiga, kama ilivyo desturi siku ya msaragambo, kila nyumba inapotoa mtu mwenye jembe kwa kazi ya wote. "Atakayefukuzwa leo," alisema, "afukuzwe jembe likiwa mkononi."

Tukapanda. Mlinzi alitutazama, akayatazama majembe, akasogea kando ya njia. Nilichimba matope mpaka viganja vikachubuka, na kabla jua halijazama maji yaliingia ndiva.

Kwa wengi yaliwahi. Kwa shangazi hapana. Maharage yake yalikuwa yamekwisha kupukutisha maua. Msimu ule alikula kwa kaka zake, kisha akateremka tambarare, Maore, kulima mashamba ya watu, na hakurudi kuishi mlimani. Nilikuwa na miaka mingi ya kwenda kumwomba radhi. Sikwenda.

Lakini asubuhi iliyofuata msaragambo, kabla shangazi hajaondoka, niliandika barua nyingine na kuisoma mbele ya wote: "Tumesafisha mfereji wetu. Tutausafisha tena."

"Soma tena," shangazi akasema. Nikasoma. "Hiyo," akasema, "ndiyo niliyoitaka wiki tatu zilizopita."

Niliipeleka bomani Same mwenyewe. Karani, Mwafrika aliyevaa tai, aliigeuza nyuma na mbele.

"Hakuna salamu? Hakuna hata shukrani?"

"Hakuna."

"Unajua inakwenda kwa nani?"

"Najua. Nilimwandikia majuzi, akafurahi sana."

Nikasimama pale mezani mpaka alipoipiga mhuri.