Iskanda Gani?

Watu wa semina ya wiki moja wananichosha. Mwinjilisti wa mtaa wetu huko Ugweno alishuka Same kwenye semina ya namna hiyo akiwa mtu wa kawaida, anayesoma matangazo ya ibada kwa kukwamakwama, akarudi na mkoba mpya na kidole cha kuwanyooshea watu. Debe tupu haliachi kuvuma. Safari hii lilivumia kwetu.

Mdogo wangu alikuwa amepata mtoto wa kiume, wa kwanza. Kwetu hapo hakuna kikao: mtoto huyo ni wa jina la babu yake mzaa baba. Na babu mwenyewe, yaani baba yangu, alikuwa bado hai, mgonjwa wa kitandani, akingoja jambo moja tu, jina lake lishike kwa mjukuu kabla hajaondoka. "Sitaki kwenda nalo," alikuwa akituambia.

Jina lenyewe ni Iskanda, na baba hakulichagua. Alipokuwa mtoto, kanisa lilisema jina lake la kinyumbani, la ukoo wetu wa wahunzi, ni la kipagani. Akavuliwa hilo, akavikwa Iskanda, akaambiwa ni la mtoto wa yule Mkirene aliyembebea Yesu msalaba. Akalipenda. Alikuwa amebeba kichwani mawe ya kujengea kanisa hilohilo, akaona jina limemkaa.

Basi mwinjilisti akaja siku chache kabla ya ubatizo. Mimi nilikuwa nimepanda kutoka Mwanga, ninakofanya biashara. Akanywa chai yetu, akala ndizi zetu, akajifuta mdomo, ndipo akatangaza kuwa jina halifai. Eti semina imemfungua macho: Iskanda alikuwa mfua shaba aliyemtendea Paulo mabaya.

"Na ninyi ni ukoo wa wahunzi," akasema, ameshusha sauti. "Watu wanaogopa laana ya nyundo, ile mhunzi anayomwapizia mtu. Watasema tumeibatiza."

Lo! Nilimcheka usoni.

"Mwinjilisti, Iskanda gani? Maandiko yana Iskanda kadhaa. Yuko huyo wa Mkirene. Yuko wa jamaa ya kuhani mkuu. Yuko aliyesukumwa mbele ya umati kule Efeso ajitetee, wakampigia kelele hata asisikike. Na kabla ya hao wote kulikuwa na mfalme wa Wayunani aliyeteka nchi za watu, kina mama wakawaita watoto wao hivyo kila mji. Lilikuwa limejaa kama Juma! Wewe umeokota mmoja, umewafanya wote kuwa yeye."

"Dada, mimi nimefundishwa."

"Na la kwako? Yule aliyedanganya bei ya shamba mbele ya mitume, akaanguka akafa, si wajina wako? Mbona hatujakuvua?"

Akajibu, bila hata haya, kwamba la kwake ni la yule mwingine, aliyemwekea Paulo mikono akapata kuona. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yeye anajichagulia mtu wake, baba yangu anachaguliwa mfua shaba. Nilimsonya, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Huyo ni mjinga, na mjinga namwelewa. Aliyenitia kichefuchefu ni mdogo wangu. Mwanamume mzima, ana ndevu, muda wote huo ameinamia kikombe, ameufyata. Alikuwa anautaka uzee wa kanisa, hataki kukosana na wenye mikoba.

"Baba anangoja," nikamwambia.

"Jina ni jina tu, dada."

Jina ni jina tu! Kama ni jina tu, si umpe?

Mpaka Jumapili nilikuwa na tumaini la kipumbavu kwamba atakumbuka ni mtoto wa nani. Pasta, mgeni asiyejua lolote kati ya haya, akauliza jina la mtoto. Mdogo wangu akamtazama mwinjilisti kwanza. Kisha akataja jina lilelile walilopewa watoto wawili waliotangulia kwenye foleni. Mwinjilisti akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyefurahi. Ningekuwa na kitu mkononi ningekirusha, Mungu anisamehe.

Tulirudi nyumbani tukamkuta baba ameomba aketishwe kitandani, ameomba na koti. Akanyoosha mikono, akampakata mjukuu, akamtazama usoni kwa furaha ambayo sikuweza kuiangalia.

"Haya, niambieni. Ameitwaje?"

Nikamgeukia mdogo wangu. Sikuwa tayari kumfanyia mwoga kazi yake. Ikabidi alitaje mwenyewe, kwa sauti ndogo, akiangalia sakafu.

Baba hakugomba. Alimfunika mtoto vizuri, akamshika kidole.

"Karibu, mgeni," akamwambia, akamrudisha kwa mama yake.