Dramu za Baba na Kengele ya Shule

Mpaka leo nikikata ndimu, nikaichovya kwenye jivu na kuanza kusugua tako la sufuria, harufu ile chachu inayopanda puani hunirudisha nyumbani Nyansurura, kwenye uwanja wetu uliofagiliwa. Baba amekaa kwenye stuli, mimi nimechuchumaa mbele yake, na sote wawili tunasugua duara la shaba lililokaribia ukubwa wa ungo. Wanangu hunikuta nikitabasamu peke yangu na vyombo, wakanong'onezana kwamba mama kachoka. Sijachoka. Nasikiliza dramu.

Baba yangu, Mwita, ambaye sisi watoto tulimwita Tata kama ilivyo kwa Wakurya, alikuwa mkulima wa mtama na mihogo, mwenye ng'ombe sita na maneno machache. Lakini kabla sijazaliwa alikuwa mpiga dramu. Msicheke. Kulikuwa na bendi ya dansi ya watu wanne iliyozunguka kati ya Tarime na Mugumu, ikipiga kwenye harusi na sikukuu, ikisafiri juu ya malori pamoja na magunia ya watu. Bendi ilipokufa, wenzake waligawana vyombo siku ambayo baba alikuwa kitandani na malaria. Waligawana kama watu wanaogawana nyama, huyu paja, huyu mbavu, na yeye alipoinuka alikuta amebakiziwa vijiti viwili vya kupigia na stuli ya kukalia.

"Waliniachia mikono na makalio," alikuwa akisema, na mama alikuwa akimkemea kwa kusema hivyo mbele ya watoto.

Miaka ikapita, vijiti vikiwa vimechomekwa kwenye paa juu ya mlango. Kisha shangazi Wegesa, mdogo wake baba wa mwisho, akapata mchumba. Shangazi alipokuwa mtoto alizoea kucheza mbele ya dramu za kaka yake wakati wa mazoezi, kitambaa kichwani kama shela, na baba alimwahidi kwamba siku atakayoolewa kweli, yeye ndiye atakayempigia. Sasa ng'ombe walikwisha kukubaliwa, kanisa lilikwisha kupanga Jumamosi baada ya mavuno, na shangazi akaja nyumbani, akakaa, akanywa uji, akatazama juu ya mlango. Kesho yake baba aliteremsha vijiti.

Nilikuwa darasa la tano, na kwa kuwa ilikuwa likizo, nilifuatana naye kukusanya.

Tulianza Kisaka, kwa Mzee Marwa aliyekuwa akipuliza saksafoni. Fungu lake la mgawo lilikuwa ile dramu ndogo yenye nyaya chini, inayolia *tra!* kama mahindi kwenye kikaango. Tulimkuta ameikalia, anakamua ng'ombe. Baba akaamkia, mimi nikatoa shikamoo, tukaeleza shida. Mzee Marwa hakuacha kukamua.

"Mimi sina neno, mura," akasema, akimwita kijana kama zamani. "Muulize huyu ng'ombe. Nikikalia kitu kingine anabana maziwa."

Tulidhani ni mzaha, akainuka, akachuchumaa kwenye jiwe, na kweli ng'ombe akarusha teke. Basi baba akachonga kigoda cha kimo kile kile cha dramu, akakizungushia hata ukanda wa bati ili kifanane nayo. Tulikaa kwa Mzee Marwa siku mbili mpaka ng'ombe aliporidhika.

Dramu kubwa, ile inayopigwa kwa mguu, ilikuwa Nyanungu, kwa Mama Gati, mjane wa mpiga gitaa. Tulipanda lori la mnada, tukiwa tumebanwa na mbuzi. Mama Gati alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alitupokea kwa ugali na nyama, akatuongoza jikoni, akatuonyesha dramu imelala ubavu, ngozi yake ya mbele hakuna, na ndani yake kwenye majani makavu kuku mwekundu anatutazama kwa jicho moja.

"Chukua ngoma yako, Mwita," akasema. "Lakini mwenye nyumba yumo ndani, na ana mayai kumi na moja. Utamwambia nini?"

Baba akakuna kichwa. Kuku aliyeatamia hahamishwi, hilo hata mtoto anajua. Tukarudi mikono mitupu, tukasubiri. Wiki tatu baadaye lori la mnada likasimama barabarani, utingo akateremsha dramu, na ndani yake mlikuwa na kifaranga kimoja kimefungwa mguu kwa uzi. Mama Gati alituma salamu kwamba mpangaji huyu amekataa kuhama.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu, tukazilaza kwenye mafuta ya taa siku tatu. Dramu kubwa tuliiosha kwa maji ya moto mara nne na bado ilinuka kuku. Ngozi za zamani, zile za plastiki, zilikuwa zimekwisha kabisa, kwa hiyo baba aliloweka ngozi za mbuzi, tukazikwangua manyoya kwa jivu na kisu kibutu, tukazivuta juu ya pete za chuma mpaka viganja vikauma. Chini ya masizi ya jiko la Mama Gati lilitokea ganda jekundu linalometameta, na baba alipoliona alilipangusa kwa kiganja na kuita "Wee!" kama mtu aliyekutana na ndugu. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Alipiga mluzi akikamua, akigonga vidole kwenye ndoo, na mama alijifanya anakerwa huku naye akitikisa bega.

"Bado sahani tu," baba akasema jioni moja. "Sahani ya shaba. Pasipo hiyo, dramu ni mtu asiye na kicheko." Akaieleza: imepinda kidogo ukingoni ilipoanguka toka kwenye lori, na chini ya kitovu chake alikwaruza herufi M kwa msumari. Aliichukua mwimbaji wa bendi, na mwimbaji alihamia Mwanza zamani. Baba alikwisha kutuma ujumbe kwa watu watatu Mwanza.

Mimi niliinamisha kichwa, nikakwangua ngozi ya mbuzi ambayo haikuwa na unywele hata mmoja uliobaki.

Kwa sababu sahani hiyo niliijua. Nilikuwa naipiga mara saba kwa siku. Ilining'inia kwa waya kwenye mti wa mgrivilea mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, imepakwa rangi ya kijivu, ukingo umepinda, na ukiinama kuitazama kwa chini uliona M, ambayo sisi wanafunzi tuliamini ni M ya Mwalimu. Ilikuwa kengele ya shule yetu; labda mwimbaji aliiacha alipohama. Na mimi, Robi binti Mwita, nilikuwa mpiga kengele.

Ninyi mliosoma shule za namna ile mnajua cheo hicho. Mpiga kengele huingia ofisini bila kubisha hodi, akaangalie saa ya ukutani. Huinuka katikati ya hesabu, na mwalimu hamuulizi aendako. Mimi, mtoto wa tatu kati ya saba, ambaye nyumbani niliitwa kwa majina ya dada zangu kabla halijafikiwa langu, nilikuwa nikishika kipande cha nondo, nikigonga, na shule nzima inakimbia mstarini. Wakubwa wa darasa la saba, wenye ndevu, wanakimbia. Ningemwambia baba, ningebaki nani?

Shule ilikuwa mbali, nyuma ya kilima, kengele haikusikika kwetu, na mikutano ya wazazi ilikuwa kazi ya mama, ambaye hakuwahi kuitazama sahani ile kwa chini. Nilikuwa salama. Nikanyamaza wiki, shule ikafunguliwa, nikanyamaza ya pili. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nililala chumba cha pili.

Baba akajaribu vibadala. Alitundika mfuniko wa sufuria ya mama, ile kubwa ya sherehe, akaupiga, na mbwa wa jirani akatoka mbio. Akajaribu jembe. Akajaribu bati. Mama alipokuja kudai mfuniko wake aliukuta na tundu katikati, na siku ile tulikula kwa ukimya. Mwishoni baba aliweka vijiti chini, akatazama dramu zake zile nzuri mbili.

"Basi," akasema. "Wegesa atacheza hivyo hivyo. Nimekula ng'ombe mzima, nimeshindwa mkia."

Alisema bila uchungu, akicheka kidogo, na kicheko kile ndicho kilichonishinda.

"Tata," nikasema, "sahani yako naijua. Iko shuleni. Ndiyo kengele."

Aliinuka. Stuli ikaanguka. "Shuleni kwenu? Hapa hapa?" Macho yake yalifunguka kama ya mtoto. Kisha akauliza, "Na anayeipiga nani?"

"Mimi."

Nilijikaza kusubiri kofi. Lakini yeye aliinama, akaiinua stuli, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Unaipiga vizuri?"

"Wanakimbia wote, Tata. Hata darasa la saba."

"Basi iache ilipo," akasema, akaenda kuangalia ng'ombe, na baadaye akatoka bila kusema aendako.

Nilidhani amekasirika. Usiniulize nililalaje. Asubuhi niligonga kengele, wakakimbia kama kawaida, na kwa mara ya kwanza sikuona raha yoyote. Saa nne niliingia ofisini, nikaacha kuangalia saa, nikamwangalia mwalimu mkuu.

Alikuwa mtu wa Songea, aliyeletwa huku na serikali, mpole ila mwenye kupenda utaratibu kuliko chakula. Nilipomaliza kueleza alivua miwani.

"Robi, kengele ni mali ya shule. Shule bila kengele ni gulio."

Nikamwambia kuna rimu ya trekta bovu nyuma ya ghala la pamba, mwenyewe ameitelekeza. Akasema rimu aione kwanza. Nikawachukua rafiki zangu wawili, tukaibiringisha njia nzima mpaka kwenye mgrivilea, na tulipofika hata rangi ya sare zetu haikujulikana. Mwalimu aliigonga mara moja kwa nondo, akaitikia kwa kichwa, akasema sasa anataka barua ya mzazi.

Nilipomwambia baba kwamba nimekwisha kuiomba, alinishika kisogo kama anavyomshika ndama. Kisha akaandika barua pekee ya kiserikali niliyowahi kumwona akiiandika, YAH: KUOMBA KENGELE, na chini ya jina lake akaongeza: *aliyekuwa mpiga dramu*.

Fundi baiskeli wa Mugumu alitoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa ulioletwa na nondo yangu, ili ufa usiendelee. Sisi tukatoa rangi ya kijivu, tukaingia kwenye ndimu na jivu. Siku mbili. Shaba ilipotoka tulijiona sote wawili ndani yake, tumepinda.

Jumamosi ikafika na mawingu, na ngozi za mbuzi zikalegea kama mashavu ya mzee. Akina mama wakaleta majiko, dramu zikaota moto uwanjani kama wageni, mpaka zikakaza. Mzee Marwa alikuja na saksafoni yake na habari za ng'ombe. Watu walijaa, na watoto wote wa shule walikuwepo, kwa sababu harusi yenye pilau haina kadi. Wakakaa chini kwa makundi, sinia katikati. Mwalimu mkuu alipewa kiti.

Shangazi akasimama na shela, ya kweli safari hii. Baba akaanza polepole, mguu tu, *dum, dum*, kisha dramu ndogo ikaingia kwa kunong'ona, ikapanda, ikapanda, akainua mkono wa kulia na kuishushia sahani kijiti kwa nguvu zake zote.

Shule nzima ikainuka. Mikono ikatoka kwenye pilau, matonge yakaanguka, masinia yakapinduka, na watoto wote wakakimbia uwanjani na kupanga mistari, darasa la kwanza mbele, la saba nyuma, mashavu yamevimba chakula, mikono imebana mapajani. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama, anatazama saa ya mkononi.

Baba aliganda, vijiti hewani, uso umemsawijika. Alidhani ameharibu harusi. Mimi niliona, nikajua hakuna mwingine wa kuitengeneza. Nikaruka mbele ya mistari, nikapaza sauti ya mstarini:

"Mguu upande! Mguu sawa! Shule... tawanyikeni mkacheze!"

Wakatawanyika kwa kelele, wakamzunguka shangazi, na shangazi alikuwa akicheka mpaka shela imemwangukia shingoni. Baba akatupa kichwa nyuma, akaipiga sahani tena, na tena, na kila alipoipiga walikimbia mstarini kwa makusudi, na mimi nikawatawanya. Sijapata kuona harusi iliyochezwa namna ile.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kama habari ya zawadi niliyompa baba, na sikuona haya kujisifu kidogo. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia shangazi Wegesa, tukiwa tunachambua mboga nikaanza kuisimulia tena. Akaniacha nimalize.

"Jioni ile ulipomwambia," akasema, "baba yako alikuja kwangu kwa miguu. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Akaniambia, 'Mdogo wangu, unisamehe, nitakupigia bila sahani. Imepatikana, lakini ina mwenyewe.' Nikamwambia anitajie huyo mwenyewe, nikamwombe mimi bibi harusi. Akakataa kabisa."

Ina mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.